Ramani Kumi na Mbili, Ufunguo Mmoja

Miongoni mwa vyombo vinavyotumika kuamua wapi mbegu zipelekwe, ghala gani la akiba lifunguliwe, na mkulima wa wapi ahimizwe kupanda mtama badala ya mahindi, ramani ya mvua ina nafasi ya juu. Zamani ilikuwa ramani moja, iliyochorwa kwa kalamu na mtu aliyeunganisha vipimo vya vituo kwa mistari. Siku hizi aghalabu huwa ni karatasi moja yenye ramani ndogo ndogo 12, moja kwa kila mwezi, au 40 na zaidi, moja kwa kila mwaka, zote zikiwa zimetolewa na kompyuta kwa dakika chache. Wepesi huo ni neema. Hata hivyo, ramani za namna hiyo zinaweza kumpotosha msomaji kwa urahisi ambao ramani ya kalamu haikuwa nao, na wengi wa wanaozitumia, yaani maofisa wa kilimo, viongozi wa wilaya na waandishi wa habari, hawajapata kuelezwa jinsi zinavyoundwa. Inafaa basi pawepo kanuni tatu kwa kila ukurasa wa ramani unaotolewa kwa umma: ufunguo uwe mmoja kwa ramani zote, vituo vya kupimia mvua vionekane, na amri zilizoandikwa kuichora zitolewe pamoja na ramani yenyewe.

Kuweka ramani nyingi kwenye ukurasa mmoja si jambo jipya. Mwaka 1863 Mwingereza Francis Galton alichapisha kitabu kiitwacho Meteorographica, kilichoonyesha hali ya hewa ya Ulaya kwa kila siku ya mwezi wa Desemba 1861. Kila siku ilipewa ramani ndogo 9, zikionyesha kanieneo ya hewa, joto, na upepo pamoja na mvua, kwa asubuhi, mchana na jioni. Kwa kuzitazama zikiwa bega kwa bega, Galton aligundua namna pepo zinavyozunguka sehemu yenye kanieneo kubwa, akaupa mzunguko huo jina ambalo wataalamu wanalitumia hadi leo, antisaikloni. Takwimu zote alizozitumia zilikuwa zimekwisha kuandikwa na watu wengine katika majedwali. Jedwali lilikuwa na ukweli huo ndani yake, lakini halikuuonyesha.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake. Ukurasa wa mvua za vuli kuanzia mwaka 1981 hadi 2023 una ramani 43. Mtu asiyejua lolote kuhusu bahari ataona kwamba vuli za 1997, 2019 na 2023 zililoanisha Kenya na kaskazini mwa Tanzania kupita kiasi, na kwamba ile ya 2010 ilikuwa kavu. Atauliza kwa nini, na swali hilo litamfikisha kwenye joto la maji ya Bahari ya Hindi upande wa magharibi, na kwenye El Niño na La Niña za Bahari ya Pasifiki. Hakuna aya ya maneno, wala safu ya tarakimu, inayoweza kuibua swali hilo upesi kiasi hicho.

Ni vema kwanza kueleza ni kitu gani hasa kinachochorwa. Nchi hugawanywa kwa wavu wa miraba, na kila mraba hupewa tarakimu moja. Katika hazina ya takwimu iitwayo CHIRPS, iliyoandaliwa na Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Barbara pamoja na Shirika la Jiolojia la Marekani, kila mraba una upana wa sehemu 5 katika 100 za digrii moja, yaani kilomita 5 na nusu hivi karibu na ikweta. Tanzania, ikichukuliwa kuwa iko kati ya longitudo 29 na 41 Mashariki, na latitudo 1 na 12 Kusini, huangukia katika wavu wenye safu 220 za kulala na 240 za kusimama, ambao jumla yake ni miraba 52,800. Miezi 12 ya mwaka mmoja ni tarakimu 633,600. Miaka 40 hupita milioni 25. Sehemu ya miraba hiyo iko baharini, katika maziwa au katika nchi jirani, lakini kazi iliyobaki bado haiwezekani kwa penseli na rula.

Kazi hiyo hufanywa kwa lugha za kompyuta zilizotungwa kwa ajili ya takwimu. Inayotumika sana vyuoni ni R, iliyobuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa kufuata lugha ya S iliyoanzishwa katika maabara za Bell huko Marekani mwaka 1976. Tangu 1995 R hutolewa bure kwa yeyote, jambo ambalo kwa chuo cha Afrika lina uzito kuliko sifa zake nyingine zote. Wataalamu wa nchi mbalimbali wameiongezea makusanyo ya amri kwa kazi maalumu: terra, la Robert Hijmans, hushughulikia wavu wa miraba, ggplot2, la Hadley Wickham, huchora.

Hapa ndipo mtego wa kwanza ulipo, nao ni mtego wa kimya. Mtu akilipa terra tabaka 12 za miezi na kutoa amri ya kawaida ya kuchora, plot, atapata ramani 12 nzuri, lakini kila moja itakuwa na ufunguo wake. Rangi nzito kuliko zote itawekwa mahali penye mvua nyingi kuliko pengine katika mwezi huo, bila kujali miezi mingine. Msomaji achukulie kwamba mwezi wa Aprili kiwango cha juu katika nchi nzima ni milimita 400, na mwezi wa Julai ni milimita 40. Katika ukurasa huo buluu iliyokoza ya Aprili ina maana ya milimita 400, na buluu ile ile ya Julai ina maana ya milimita 40. Jicho halisomi tarakimu ndogo zilizo pembeni. Jicho husoma rangi. Ofisa atakayezungusha macho yake juu ya ukurasa ataondoka akiamini kwamba Julai kuna mvua mahali fulani, na ikiwa kazi yake ni kupanga tarehe ya kugawa mbegu, imani hiyo si jambo dogo.

Dawa yake ni nyepesi mno, na ndiyo maana kuikosa hakusameheki. Katika terra hiyo hiyo ipo amri nyingine, panel, inayochora tabaka zote kwa ufunguo mmoja. Katika ggplot2 ufunguo mmoja ndio mwenendo wa kawaida. Kinachotakiwa ni mtu kujua kwamba kuna uchaguzi. Kompyuta haina nia mbaya. Hufanya uamuzi pale ambapo mwanadamu hakuufanya, na uamuzi wake haulengi mkulima wala ofisa wa wilaya.

Wapo watakaopinga kwamba ufunguo mmoja huua miezi ya kiangazi. Kama ngazi ya rangi inatoka sifuri hadi 400 kwa hatua zilizo sawa, ramani za Juni hadi Septemba zitakuwa nyeupe tupu, na tofauti kati ya mahali palipopata milimita 5 na palipopata 30 haitaonekana, ingawa kwa mfugaji tofauti hiyo ni majani au vumbi. Pingamizi hili lina haki. Zaidi ya hayo, sehemu chache zenye mvua nyingi sana, kama milima ya Rungwe karibu na Tukuyu, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, huivuta ngazi nzima juu na kuiacha Dodoma na Singida zikiwa na rangi moja mwaka mzima. Lakini jawabu si kurudi kwenye funguo 12. Jawabu ni kuchagua mipaka isiyo sawa, mathalani 0, 10, 25, 50, 100, 200 na 400, kisha kuitumia mipaka hiyo katika kila ramani ya ukurasa. Hatua ndogo huhifadhiwa kwa kiasi kidogo ambacho huleta tofauti kubwa maishani. Uchaguzi huo hauwezi kufanywa na mtaalamu wa kompyuta peke yake. Humlazimu kuketi na bwana shamba na kumwuliza ni milimita ngapi zinazootesha mtama katika udongo wa mahali fulani.

Suala la rangi linahusiana na hilo. Kwa muda mrefu wanasayansi walipenda rangi za upinde wa mvua, pengine kwa sababu mashine zao zilizitoa bila kuombwa. Upinde wa mvua hauna mpangilio ambao jicho hulazimika kuukubali: hakuna anayezaliwa akijua kwamba kijani ni kidogo kuliko manjano. Tena unjano wake unaong'aa huchora ukingo mkali mahali ambapo mvua yenyewe hubadilika polepole. Katika watu wenye asili ya Ulaya, mwanamume mmoja kati ya 12 hivi hana uwezo kamili wa kutofautisha nyekundu na kijani. Afrika kiwango hicho ni kidogo zaidi, lakini si sifuri. Hata hivyo hoja nzito kuliko zote kwa mazingira ya hapa ni mashine ya fotokopi. Ramani inayotumwa mkoani kwa rangi, ikirudufiwa huko kwa wino mweusi, hugeuza buluu iliyokoza na nyekundu iliyokoza kuwa kijivu kimoja. Mafuriko na ukame huwa ndugu. Mwaka 2015 Stéfan van der Walt na Nathaniel Smith walitunga mfululizo wa rangi uitwao viridis, unaotoka zambarau nzito hadi manjano hafifu, na ambao hubaki na mpangilio wake hata ukichapwa kwa wino mweusi. Upo ndani ya R, na hauna malipo.

Kadhalika mpangilio wa ramani ndogo ukurasani hustahili kufikiriwa kuliko inavyofanywa. Desturi ni kuanzia Januari kumalizia Desemba, kwa kuwa kalenda ndivyo ilivyo. Lakini sehemu kubwa ya kusini, kati na magharibi mwa Tanzania ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba na kuishia Aprili au Mei. Ukurasa unaoanzia Januari huukata msimu huo vipande viwili, kimoja kikae juu kabisa na kingine chini kabisa, na msomaji hawezi kuuona ukiingia, ukikomaa na ukiondoka. Ukurasa ukianzia Septemba, msimu mmoja wa kusini na misimu miwili ya kaskazini, vuli na masika, huonekana yote kwa utaratibu wake. (Yamkini mwanafunzi akaachia kompyuta ipange miezi kwa majina yake, nayo ikaipanga kwa alfabeti: Agosti, Aprili, Desemba, Februari. Ukurasa wa namna hiyo huchekesha, lakini angalau hauwezi kumdanganya mtu.)

Kosa jingine halichekeshi. Katika hazina kama CHIRPS, miraba ya baharini, ambako hakuna kipimo, hujazwa tarakimu -9999 ili kuashiria kwamba hapana habari. Asiyeiambia programu jambo hilo ataiona ikiijumlisha tarakimu hiyo pamoja na nyingine. Wilaya ya pwani yenye miraba 10, ambayo 9 ina milimita 200 kila mmoja na mmoja umeangukia majini, itapata wastani wa milimita 820 chini ya sifuri. Hakuna mvua iliyo chini ya sifuri, na mwenye macho atashtuka. Hatari ipo pale ambapo hesabu zimepita hatua nyingine mbili tatu, wastani wa wilaya umegeuzwa kuwa daraja, na daraja limegeuzwa kuwa rangi. Hapo kisiwa kizima huonekana katika ukame, na hakuna tarakimu ya ajabu iliyobaki ya kumshtua mtu.

Asilimia nazo zina hila yake. Ni jambo la kawaida kuonyesha mvua ya mwezi kama sehemu ya mvua ya wastani wa miaka mingi. Mahali ambapo wastani wa Agosti ni milimita 2, zikinyesha 6, ramani itaonyesha asilimia 300 na kupakwa kijani cha fahari, ilhali mbuzi hapati hata jani moja la ziada. Mwezi ambao kwa kawaida ni mkavu haufai kuonyeshwa kwa asilimia. Eneo hilo liachwe na rangi ya kijivu.

Haya yote bado ni makosa ya mkono. Lipo kosa la ndani zaidi, na ndilo lililo na gharama. Wavu wa miraba hauachi pengo. Kila mraba una tarakimu, na tarakimu zote huonekana sawa kwa uzito. Ukweli ni kwamba mraba wenye kituo cha kupimia mvua ndani yake na mraba ulio kilomita 100 kutoka kituo chochote si ndugu wa baba mmoja. Ule wa kwanza una ushahidi wa chombo na mtu aliyekisoma saa tatu asubuhi. Wa pili una makisio yanayotokana na setilaiti, ambayo haipimi mvua bali ubaridi wa vilele vya mawingu, kisha hukisia kwamba wingu lenye kilele baridi kwa muda mrefu limetoa mvua nyingi. Makisio hayo husaidia sana nchi tambarare za bara. Katika pwani na miteremko ya milima, ambako mawingu mafupi yenye vilele vya joto hutoa mvua ya kutosha, hupunja.

Rwanda inatoa somo zito kuliko pengine popote. Mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 yalivunja pia mtandao wa vituo vya hali ya hewa, na vituo vingi vilikaa takribani miaka 15 bila kumbukumbu. Baadaye, katika mpango uitwao ENACTS, unaosaidiwa na Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani na unaotumika pia Tanzania na Ethiopia, idara ya hali ya hewa ya Rwanda ilichanganya vipimo vya vituo vilivyokuwapo na makisio ya setilaiti ili kuliziba pengo hilo. Kazi hiyo ni ya kusifiwa, kwani mpangaji wa kilimo hawezi kusubiri historia irudi nyuma. Lakini ukurasa wenye ramani za Rwanda mwaka baada ya mwaka, kutoka miaka ya 1980 hadi leo, utakuwa na ramani zote zimejaa, zote zina rangi, zote zina umbo moja. Hakuna alama itakayomwambia msomaji kwamba katikati ya ukurasa huo walioshika kalamu ya kumbukumbu waliuawa au walikimbia, na kwamba miraba ya miaka hiyo ilijazwa kutoka angani.

Alama hiyo inawezekana, tena kwa amri moja ya ziada. Kila ramani ndogo iwekewe vitone vyeusi pale ambapo kituo kilitoa kipimo katika mwezi au mwaka huo. Ramani yenye vitone 80 na ramani yenye vitone 9 zitaeleweka bila maelezo. Jambo hilo lingefaa bara zima, kwa kuwa vituo vya Afrika vinavyofikisha vipimo vyake katika hazina za kimataifa vimepungua tangu miaka ya 1980. Miraba inazidi kupendeza ilhali ushahidi ulio chini yake unapungua. Huenda watakuwapo wakubwa wasiopenda vitone, kwa sababu vitone vichache huonyesha umaskini wa mtandao wa vituo. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kuvitaka. Bajeti ya vipimamvua haiombwi kwa ramani inayodai kwamba kila kitu kinajulikana.

Asidhani mtu kwamba hili ni zogo la wasomi. Tangu Januari 2010, katika Marsabit kaskazini mwa Kenya, wafugaji wameuziwa bima ya mifugo ambayo hailipi kwa kuhesabu mizoga, bali kwa kipimo cha ukijani wa malisho kinachochukuliwa na setilaiti na kutafutiwa wastani wa eneo zima. Wastani ukishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, bima hulipa, usiposhuka, hailipi. Mfugaji ambaye bonde lake limekauka huku sehemu nyingine ya eneo hilo ikiwa imepata manyunyu anaweza kupoteza ng'ombe na asipate senti. Waandaaji wa bima wenyewe wanalijua tatizo hilo na wameliandika. Mraba sasa una fedha ndani yake, na mwenye kulipia bima ana haki ya kujua ulijazwaje.

Ndiyo maana kanuni ya tatu, ya kutoa amri pamoja na ramani, si anasa. Ramani iliyochorwa kwa kubofya hapa na pale katika programu ya kununuliwa haiachi nyayo. Aliyeichora mwenyewe, akiulizwa baada ya miezi sita, hawezi kusema kwa hakika mipaka ya rangi aliichagua vipi. Ramani iliyochorwa kwa amri zilizoandikwa ina nyayo zote: hazina iliyotumika, namna -9999 ilivyoshughulikiwa, mipaka, rangi, mpangilio wa miezi. Mtu mwingine anaweza kuisoma, kuirudia na kuisahihisha. Aidha, taarifa za mvua hutolewa kila siku kumi, mara 36 kwa mwaka. Kazi ambayo kwa kubofya ingerudiwa mara 36, kwa amri huandikwa mara moja.

Itasemwa kwamba takwimu za vituo zina thamani, na kwamba idara za hali ya hewa hutegemea kuziuza. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haigusi amri. Amri zinaweza kutolewa hadharani hata pale ambapo vipimo vyenyewe vimefungiwa. Itasemwa pia kwamba wanafunzi wa jiografia na kilimo hawawezi kuandika amri za kompyuta. Kinachowashinda mara nyingi ni Kiingereza cha vitabu vya mafunzo, si mantiki ya amri zenyewe. Maelezo yanayoandikwa ndani ya faili ya amri, ambayo kompyuta huyaruka bila kuyasoma, yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na mwalimu anayeeleza tabaka, safu na mraba kwa Kiswahili hapungukiwi na neno lolote la lazima.

Ipo kazi moja ambayo inaweza kuanza hata kabla kanuni hizo hazijakubaliwa. Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki, iliyohudumia Kenya, Uganda na Tanzania hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, ilikusanya vipimo vya mvua kutoka mashamba, misheni, stesheni za reli na ofisi za wilaya, na vingi viliandikwa kwa mkono katika daftari. Kila daftari litakaloingizwa katika kompyuta litaongeza kitone kimoja katika ramani za miaka ile, kabla setilaiti hazijaanza kuyatazama mawingu ya nchi hizi. Karatasi hiyo huliwa na mchwa na unyevu kila mwaka, na kuingiza tarakimu za daftari moja kunamhitaji mwanafunzi mmoja, kiti, meza, na majuma machache.